Betri Iliyoanikwa Juani

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, Mzee Wafula alikuwa akigonga tairi. Hakuligonga kwa mguu kama wafanyavyo madereva. Aliinama, mkono mmoja kiunoni, akaligonga tairi la mbele la baiskeli ya Kahaso kwa kifundo cha kidole, halafu akatega sikio kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Akiridhika alisema, "Kuko na upepo." Asiporidhika alisema, "Mm," akaenda kutoa pampu chini ya kitanda chake. Baada ya hapo ndipo alipomtazama mwenye baiskeli.

"Umeamkaje, dada?"

"Nimeamka salama, Baba Phoebe. Na tairi limeamkaje?"

"Limeamka na nguvu kukushinda wewe."

Basi siku ilikuwa imeanza.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya magurudumu matatu, ile ya kukanyaga kwa mikono, mnyororo ukipita mbele ya kifua. Kahaso aliipata akiwa msichana, alipotoka kwao Bamba kuja kufanya kazi Bombolulu kwenye karakana ya mapambo. Miguu yake ilichukuliwa na polio angali mdogo, lakini mikono ilimlipia. Alikata shaba, akaipinda, akailehemu ikawa hereni na bangili, na jioni akarudi Mishomoroni kwa mikono hiyohiyo. Alikuwa na mabega ya mwanamume wa kupakua simiti, na mwenyewe alijisifia. Kisha bega la kulia likaanza kumuuma. Likauma mwaka mzima, akalipaka mafuta ya kila namna, likakataa. Kwenye tambarare aliweza bado. Tatizo lilikuwa kilima.

Ukitoka kwenye ploti yao unafuata kichochoro cha mchanga, halafu njia inainuka ghafla mpaka ifike barabarani. Mwenye miguu mizima hata hakioni kilima hicho. Kahaso alikijua kila jiwe.

Siku ya kwanza Mzee Wafula kumsukuma ilikuwa siku ya mvua. Baiskeli ilinasa kwenye tope katikati ya kilima, na vijana wa bodaboda walikuwa wamejikinga chini ya mabati wakipigana utani. Akasikia sauti nyuma yake, nzito, ya mtu wa bara, ikisema, "Nashika." Kisha baiskeli ikapanda. Walipofika juu sauti ikasema, "Naachia." Alipogeuka, jirani yake wa chumba cha pili alikuwa tayari anateremka, shati lote limemgandama mgongoni. Asubuhi iliyofuata akamkuta mlangoni ameinama anagonga tairi. Hawakuwahi kupatana wala kuulizana. Mambo yakawa hivyo.

Na hilo la "nashika" na "naachia" halikuwa jambo dogo kwake. Watu wengi waliomsaidia walikuwa wakimkamata tu kutoka nyuma, moyo ukamruka. Mwingine anamsukuma, akiona rafiki yake anamwacha njiani baiskeli ikirudi kinyumenyume. Mzee Wafula alikuwa ameshinda maisha yake bandarini akifunga mizigo kwenye winchi, na huko, alisema, mtu asiyesema ameshika na asiyesema ameachia huwa anaua mwenzake. Hakuwahi kusahau hata siku moja. Hata kwenye kikombe cha chai. Kahaso akimpa kikombe, yeye alisema, "Nashika," ndipo Kahaso akatoa mkono.

Alikuwa mtu wa mambo yake. Alipiga pasi shati la kwenda kusukuma baiskeli. Juu yake alivaa ile fulana yake ya rangi ya machungwa ya bandarini, yenye mistari ya kung'aa, ili bodaboda wamwone, na akishafika juu ya kilima aliivua akaikunja vizuri kama mtu aliyemaliza zamu. Alikunywa chai na ugali wa jana. Lango la ploti lilikuwa la mabati na bawaba yake ya chini ilikatika zamani, kila mtu akilifungua linakwaruza sakafu mpaka meno yanauma. Yeye peke yake alikuwa akiliinua kidogo kwa goti, likafunguka kimya.

Mueni, Mkamba aliyekaanga viazi karai langoni, hakuwaacha kupumua.

"Nyinyi wawili mtatualika lini?" alikuwa akiwauliza kila wakipita. "Nimeshashona nguo mimi. Nitanenepa isinitoshe!"

"Ngojea," Kahaso alimjibu. "Tunatafuta mahari ya baiskeli kwanza. Ndiyo anayoipenda."

Mzee Wafula alicheka kwa pua tu, akaendelea kusukuma.

Ukuta kati ya vyumba vyao haukufika juu. Kahaso alikuwa akisikia redio yake, kikohozi chake, na simu zake. Aliyepiga sana alikuwa Phoebe, bintiye, aliyekuwa mwalimu kwao Kimilili. Mwanzo yalikuwa mazungumzo ya salamu na mahindi. Halafu yakawa ya nyanya yake Phoebe, yaani mamake Mzee Wafula, ambaye bado alikuwa hai na macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Hospitali walisema umri wake umekwenda mno, hawamgusi.

"Baba, anasema anataka kukuona na macho yake," ile sauti ndogo ya simu ilisema siku moja, nayo ikapita juu ya ukuta kama ilivyo. "Hasemi anataka pesa. Anasema uso wako. Sasa mimi niko hapa mbele yake, ananiuliza, wewe ni nani."

"Nitakuja nikipata nafasi."

"Nafasi ya nini, baba? Na kazi iliisha?"

Mzee Wafula akapunguza sauti ya redio. Kisha akasema, "Huku kuna kitu nafanya asubuhi."

Kahaso akiwa upande wa pili na kisu mkononi, anakata kitunguu, akajua kitu hicho ni yeye.

Kesho yake, walipofika katikati ya kilima, akamwuliza bila kugeuka, "Baba Phoebe, kwa nini huendi ukamwona mamako?"

"Na kilima je?"

"Kilima si mwanao."

Magurudumu yakazunguka kidogo. Kahaso akasikia pumzi zake nyuma.

"Siku utapanda bila mkono wangu," mzee akasema, "siku inayofuata naenda. Si nimesema? Nimesema. Naachia."

Walikuwa wamefika juu.

Tangu hapo Kahaso akawa na jambo moja tu kichwani. Mama wa watu anapotelewa na macho na mwanawe yuko Mishomoroni anagonga tairi. Bega halitapona. Basi lazima baiskeli ipande yenyewe.

Kwenye stoo ya karakana, nyuma ya magunia ya vipande vya shaba, palikuwa na kiti cha magurudumu cha umeme kilicholetwa na wafadhili zamani. Betri zake, nzito kama mawe ya kusagia, zilikufa mapema, na kiti kikageuka cha kuwekea maboksi. Lakini mota yake ilikuwa nzima. Kahaso akamwendea Dorothy, msimamizi wao, akamwomba mota. Dorothy akasema achukue na akitaka achukue na vumbi. Fundi wa kuchomelea vyuma jirani na karakana akaifunga kwenye gurudumu la nyuma. Sasa ikabaki betri nyepesi, isiyoongeza uzito wa kumrudisha nyuma kilimani.

Hiyo aliipata kwa Hashim, mpiga picha za harusi wa Kisauni. Hashim alikuja karakana kuchukua bangili ya mkewe Mwanasaumu iliyotengenezwa, akakaa kibarazani kusimulia msiba wake.

"Wallahi, Kahaso, bibi harusi anateremka garini, vigelegele vimepasua mbingu, droni yangu iko juu inachukua kila kitu. Ikauona mnazi. Ikaupenda! Ikaenda kukaa kwenye makuti kabisa."

"Ukaishushaje?"

"Kwa mgema, nifanyeje? Nimemtafuta harusi nzima inaningoja. Akapanda, akakaa huko juu kwanza, akaonja tembo lake. Akashuka nayo kiunoni pamoja na kibuyu. Mabawa yote chapachapa kwa tembo. Kamera nayo kwaheri. Betri tu ndizo zilizobaki."

Kahaso akaweka koleo chini. "Betri ngapi?"

Zilikuwa tatu. Hashim akampa mbili, ya tatu akasema ataiweka, huenda Mungu akampa droni nyingine.

Fundi wa simu wa stejini alizigeuza zile betri mkononi, akamweleza Kahaso mambo ya kufanya, na zaidi yale ya kutofanya. Kila moja ndani ina mifuko mitatu laini ya umeme, na juu yake kuna kibao kidogo cha kuilinda, ambacho kimezoea kuagizwa na droni. Pasipo droni, kibao kinafunga mlango, hakitoi kitu. Basi atoe vile vibao, aunganishe mifuko ya betri zote mbili kwa mstari mmoja, nguvu zijumlike zifae mota, halafu aweke kibao kingine kimoja cha kuilinda mifuko yote pamoja. Na ile chaja ya kile kiti aisahau, haifai hapa.

"Na usitumie kisu, dada," akamwonya. "Hii si betri ya redio. Ukiitoboa inakasirika, na ikikasirika huizimi kwa kikombe cha maji. Fanyia nje. Uwe na ndoo ya mchanga."

Jumamosi mchana Kahaso akaketi kibarazani penye hewa, stuli mbele yake, ndoo ya mchanga kando. Jambo la kwanza akavua bangili zake zote, pete, na mkufu. Shaba ikigusa nyaya mbili kwa pamoja ni cheche. Mueni akamwona kutoka langoni.

"Wee! Umevua bangili? Nani kafa?"

"Droni."

"Poleni. Mnazika saa ngapi?"

Mzee Wafula alipewa kazi ya kukata tepu nyeusi. Alivaa miwani, akakata vipande vyote kwa urefu mmoja, akavibandika ukingoni mwa stuli kwa safu, kama makontena. Kahaso alipitisha kadi ya zamani ya plastiki kwenye mshono wa ganda la betri, akaisukuma polepole, ganda likaachia. Ndani mifuko ilikuwa ya rangi ya fedha, bapa, imelaliana kama watoto wa kitanda kimoja.

"Hiyo tu ndiyo ilikuwa inapeleka ndege juu?" Mzee Wafula akauliza.

"Hiyo tu."

"Haina hata uzito wa ugali wangu."

Kahaso alikuwa na desturi yake ya kukata nyaya, na aliisema kwa sauti kila mara asije akajisahau. "Kata moja, funika moja." Akikata waya mmoja, hagusi wa pili mpaka wa kwanza umevikwa tepu. Akisema "kata moja," mzee ananyanyua kipande cha tepu. Akisema "funika moja," mzee anasema, "Naachia," kipande kinaingia kidoleni mwake. Walikwenda hivyo mpaka vibao vyote viwili vikatoka, na Mueni langoni akawa anaangalia tu, viazi vikaungua.

Halafu Kahaso akapima kwa mita aliyoazima. Betri ya kwanza, mifuko yote mitatu ilikuwa sawa. Ya pili, miwili sawa, mmoja chini.

Akapima tena. Chini.

"Vipi?" mzee akauliza.

"Mfuko mmoja umechoka. Labda ni pale ilipogonga mnazi. Tuiache ipumzike, Jumatatu nitamwuliza fundi." Akaiweka kwenye chungu kibarazani, akafunika. Lakini uso wake ulikuwa umeanguka, na Mzee Wafula aliuona.

Jumapili Kahaso alichukuliwa na akina mama wa kanisa lake kwenda kumtazama mgonjwa Mtwapa. Aliporudi, jua lilikuwa limeanza kulegea. Alipofika tu langoni akasikia harufu tamu isiyokuwa ya viazi, kama rangi ya kucha. Akainua macho. Juu ya mabati ya bafu la ploti, pale ambapo hata mayai yangeiva, ilikuwa imelala betri yake. Imevimba kama andazi.

Mzee Wafula alikuwa amesimama kwenye kindoo, mikono imenyooshwa anaifikia.

"Usiishike!"

"Nimeshashika."

"Basi usiibane! Usiiangushe. Mueni, sogeza watoto! Leta ile ndoo ya mchanga, haraka. Baba Phoebe, shuka polepole. Iweke mchangani kama yai."

Akashuka hatua moja baada ya nyingine, midomo imekauka, akaiweka. Kahaso akaifunika kwa mchanga kwa mikono yake. Kisha mzee akabeba ndoo kwa mikono miwili mpaka uwanja mtupu nyuma ya ploti, mbali na nyumba na mbali na pale wanapochomea taka, akaiweka chini. Hakurudi. Alivaa fulana yake ya machungwa akasimama kando ya ndoo mpaka giza likaingia, akifukuza watoto wa mtaa.

"Kuka, hiyo ni nini?" waliuliza, wakimwita babu kwa lugha ya kwao Kimilili.

"Ni makosa yangu. Rudini nyuma."

Mueni ndiye aliyemweleza Kahaso yaliyopita, na yeye mwenyewe akiwa na haya. Mzee alimwuliza kama jua linatosha kuamsha betri. Mueni akamwambia linatosha sana, hata yeye mawe ya tochi yake, yaani betri zake, yako ukutani tangu asubuhi. Kwani nani hafanyi hivyo? Nyumbani kwao wote walikua hivyo. Redio ikianza kusema kwa sauti ya mbu, unatoa mawe yake unayaanika, jioni redio inasoma habari vizuri. Kimilili babake Mzee Wafula aliyaanika juu ya ghala, na Wafula mdogo ndiye aliyekuwa akiyalinda yasichukuliwe na kuku. Katika maisha yake yote hajaona jua likiidhuru betri.

Kahaso alisikiliza, akaelewa, na bado hakulala vizuri.

Jumatatu asubuhi kidole kiligonga tairi. "Kuko na upepo," mzee akasema kwa sauti ya chini. Kahaso hakuuliza tairi limeamkaje. Wakatoka. Mueni akainamia karai lake. Chini ya kilima sauti ikasema, "Nashika."

Walipofika mahali pa mawe Kahaso akauliza. "Baba Phoebe. Ulitaka iharibike?"

Hakuweza kumwona uso. Ikamjia hapo kwamba miaka yote hii karibu mazungumzo yao yote yalikuwa hivi, yeye anaongea na barabara, na jibu linatoka nyuma.

"Nilitaka ipone," Mzee Wafula akasema. "Nilikuwa naigeuza kila mara ipate jua pande zote. Kama chapati. Ukweli wa Mungu nilitaka ipone."

"Haya."

"Lakini nilipoona imevimba," akasema, kisha akavuta pumzi, na baiskeli ikapunguza mwendo kidogo, "moyo wangu haukusikitika vile ulitakiwa kusikitika. Hiyo pia ni kweli."

Kahaso akatazama mbele. Alitaka kusema kwamba hata yeye, alipoona kwenye mita ule mfuko umechoka, kuna kitu ndani yake kilikaa chini kikapumzika.

"Mamako anangoja," ndivyo alivyosema.

"Najua. Naachia."

Mchana wa siku hiyo watu wa Kisauni waliona jambo. Mzee mrefu wa bara, shati limepigwa pasi, alikuwa anatembea kandokando ya barabara kwenye jua kali, kichwa wazi, jasho linamtiririka, na mwavuli ameufungua kando ya mwili wake badala ya kichwani. Chini ya mwavuli, imefungwa kwenye leso, kwenye kivuli kamili, ilikuwa betri ya tatu ya Hashim.

Hashim ndiye aliyehadithia baadaye. "Kaja kapiga hodi, kasalimu mpaka akamaliza salamu zote, nikamkaribisha akakataa kukaa. Akaniambia, bwana Hashim, betri yako moja nimeichoma na jua, nimekuja kuomba nyingine nipate kwenda kwetu. Nikacheka, wallahi nikacheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikamtazama macho. Nikaingia ndani nikamletea."

Safari hii mifuko yote ilipima sawa. Kahaso akavua bangili tena. Kata moja, funika moja. Akalehemu nyaya kwa mkono uleule mwepesi wa kulehemu hereni, akafunga kibao kipya, akavisha mfuko wa ngozi alioushona mwenyewe, akaufunga chini ya kiti, pasipo jua. Mzee Wafula alikata tepu nyingi kuliko iliyohitajika. Ilipoisha kazi zikabaki safu mbili nzima ukingoni mwa stuli, na hakuna aliyezibandua.

Walikwenda kuijaribu jioni. Ploti nzima ikatoka. Chini ya kilima Kahaso akaweka kidole gumba kwenye swichi, akageuka. Mzee Wafula alikuwa nyuma yake na fulana ya machungwa, viganja vimefunguliwa hewani karibu na kiti, havijagusa.

"Sijashika," akasema.

"Najua."

Mota ikalia kama nyuki kwenye chupa. Baiskeli ikasita, ikachimba mchanga, ikaondoka. Mueni akapiga kigelegele cha kikwao. Kahaso akapita mahali pa tope, akapita mahali pa mawe, mkono mmoja kwenye swichi, mwingine umetulia pajani, kwa mara ya kwanza akiwa kilimani. Alishikwa na kicheko, kisha akaona haya kucheka peke yake. Alipofika juu akageuza baiskeli kumwonyesha.

Mzee alikuwa amebaki katikati ya kilima. Viganja vyake bado vilikuwa vimefunguliwa hewani.

"Umeona?" Kahaso akapaza sauti.

"Nimeona! Kunja kulia, kuna bodaboda!"

Usiku ule redio haikulia upande wa pili. Kilichosikika tu ni sanduku likiburutwa na pasi ikigusa nguo.

Asubuhi Kahaso alijipandisha kitini mapema kuliko kawaida, akafunga leso miguuni, akavaa bangili zote. Alisikia mlango wa pili ukifungwa. Mzee Wafula alitoka na begi moja, pampu mkononi. Pampu akaiweka kwenye kikapu cha baiskeli bila kusema neno. Kisha akainama, mkono kiunoni, akagonga tairi. Akatega sikio. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko tairi lolote linavyohitaji.

"Kuko na upepo," akasema.

"Umeamkaje, Baba Phoebe?"

"Nimeamka. Nitarudi Disemba niwaone."

"Disemba. Msalimie mama. Mwambie akutazame vizuri."

"Nitamwambia." Akachomoa kitu begini. Ilikuwa ile fulana ya machungwa, imekunjwa. "Hii valia barabarani. Bodaboda hawana macho."

Kahaso akanyoosha mkono. Fulana ikawa katikati yao, kila mmoja ameshika upande wake.

"Nashika," Kahaso akasema.

Akangoja. Mueni langoni akageuza viazi ambavyo havijaiva. Mzee Wafula aliitazama baiskeli, akatazama mota, akatazama ule mfuko wa ngozi chini ya kiti ulivyokaa kivulini. Mwisho akatoa tu vidole, taratibu, kimoja kimoja, hakusema kitu. Ilikuwa mara ya kwanza asiseme.

Akachukua begi lake, akaliinua lango kwa goti, likafunguka kimya, akatoka. Hakurudi, hata Disemba.